Vikombe Arobaini vya Ravdna

Ukitaka kumkasirisha Shangazi Ravdna, mwite mdudu wake mende. Mimi nilishamwita hivyo, nikakalishwa kwenye kiti cha jikoni nikaelimishwa mpaka kahawa ikapoa. Yule ni mbawakawa, mbawakawa wa theluji. Mweusi, bapa, anang'aa kama kioo cha simu mpya kabla hujaishika, miguu ina wekundu wa chai ya rangi, na urefu wake ni kama ukucha wa kidole chako kidogo. Anaishi juu mlimani, pembeni ya kile kiraka cha theluji ambacho hakiyeyuki hata kiangazi. Na raha yake ndo hii: upepo unawazoa nzi na mbu huku chini mtoni, unawapandisha, unawamwaga juu ya theluji, wanaganda. Yeye anatoka chini ya jiwe, anakula, anarudi. Yaani analetewa chakula mlangoni bila hata kuagiza.

Sisi wote hapa kijijini tunamwita shangazi, ingawa hana mpwa hata mmoja. Nyumba yake ni ya mwisho kabla njia haijaanza kupanda mlima. Yetu ndo ya karibu naye, na karibu ya huku ni kwamba unaona moshi wake, basi. Alikuwa mpishi wa shule mpaka shule ikafungwa kwa kukosa watoto. Kuolewa hakuolewa. Anakunywa kahawa na vipande vya nyama kavu ndani yake, anasikiliza redio ya utabiri wa hali ya hewa kama watu wengine wanavyofuatilia tamthilia, na kila kiangazi, toka mwaka themanini na tisa, anapanda mlimani kila baada ya siku nane kukagua vikombe arobaini.

Vikombe vyenyewe ni mitego. Unachimba kashimo, unazamisha kikombe mpaka mdomo wake ulingane na ardhi, chini unatia dawa kidogo ya kuhifadhi, juu unaweka jiwe bapa lisimame kwenye vijiwe ili mvua isiingie. Mdudu anapita na shughuli zake, anatumbukia. Aliyemfundisha ni mwanafunzi mmoja wa chuo, alitoka kusini, akapanga chumba kwa mama yake Ravdna kiangazi kimoja. Akaondoka mwezi wa nane akisema endelea mpaka nirudi. Hakurudi. Zikaja barua za makumbusho ya chuo chake, wanaotunza wadudu: tafadhali endelea. Akaendelea. Wako wanaosema alimpenda yule kijana. Nilimuuliza, si mnanijua. Akasema, "Alikuwa ananuka soksi," akaongeza kuni jikoni.

Sasa, kiangazi cha mwaka juzi ndo kilikuwa cha kuamua kila kitu, na kijiji kizima hakikujua.

Ilikuwa hivi. Viangazi viwili mfululizo, vikombe vyote arobaini havikuwa na mbawakawa wa theluji hata mmoja. Buibui wapo, wadudu wengine wapo, yeye hayupo. Na makumbusho wana utaratibu wao: viangazi vitatu vitupu, mitego inafungwa. Hilo la kwanza. La pili ni dada yake, Gáren, anayekaa Oulu, mjini, ghorofa ya nne, lifti ipo. Gáren alishamwandalia chumba, na mapazia yake kabisa. Miaka tisa anamwambia hama, utaanguka huko peke yako upatikane wakati wa Pasaka. Ravdna, ili kumnyamazisha, alimwambia siku moja, "Nitakuja siku mdudu akiisha." Alisema tu. Wakati huo mdudu hakukosekana hata mwaka mmoja, ni kama kusema nitakuja siku mto ukikauka.

Gáren akalishika neno hilo, hakuliachia tena. Kila Jumapili baada ya ibada ya redio, simu.

"Wameisha?"

"Bado."

"Mwaka jana ulisema hakuna."

"Nilisema sijawaona. Wewe pia sijakuona toka Krismasi, umeisha?"

"Ravdna, uliniahidi."

"Nimeahidi, na kiangazi bado."

Kwa hiyo mbawakawa mmoja tu. Mmoja angetosha kumbakisha nyumbani kwake. Alienda kuwatega mwezi wa sita mwishoni, theluji ilipoachia njia, akiwa na mawazo hayo kichwani, na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Hapa kijijini, kwenye kahawa ya kanisani, watu walimuuliza goti lake linaendeleaje. Walimuuliza kama mbu wa juu ni wakali kuliko wa chini. Walimuuliza kama ana beri za njano za kuuza. Kuhusu wadudu, kimya. Miaka thelathini na tano kimya. Hata dukani mtu akiona begi lake lenye chupa, anaangalia pembeni, anaongelea mvua. Yeye alishajijibu kitambo kwamba wanamwona kichaa ila wana huruma ya kutomwambia usoni. Mtu pekee aliyekuwa anamuuliza ni Tuovi wa makumbusho, kwa simu, kila mwezi wa tisa: "Haya Ravdna, wangapi?" Na Ravdna alilipenda hilo swali, wee. Alikuwa anafuta meza kabla ya kupokea.

Basi, mwaka huo dawa ya kuhifadhi ikaja na basi la posta, dumu limepasuka, limebaki na vijiko viwili vitatu. Nyingine ingechukua wiki tatu. Vikombe vikavu havifai, mdudu anatoka, au buibui anamla humo humo. Ravdna akafikiria kama mtu wa mtoni anavyofikiria. Ukoo wake ni wa wavuvi wa samoni, babu na babu wa babu, na samoni ukitaka akae mpaka mwakani unamtia chumvi. Kama chumvi inatunza samaki wa kilo kumi, mdudu wa ukucha atashindikana? Akachukua chumvi ya mawe kutoka ghalani, ile ya pipa la samaki, akaikoroga na maji mpaka ikakataa kuyeyuka, akapanda nayo mgongoni, lita nane. Akajaza vikombe arobaini. Akashuka anajisikia mjanja.

Mtoto yeyote wa mfugaji wa kulungu, wale wanyama wa baridi tunaofuga huku, angemwambia. Ila ndo hivyo, hakuwa amemwambia mtu.

Wiki ile likaja joto, joto kweli, digrii ishirini na nane, na inzi wale wa kulungu wakatoka. Kulungu akiandamwa na inzi anafanya nini? Anapanda juu, anatafuta theluji, anasimama juu yake, pua chini, anapoa. Na kulungu wakati wa kiangazi ana kitu kimoja tu kinachoweza kumtoa kwenye kivuli cha mama yake, nacho ni chumvi.

Siku ya nane Ravdna alipopanda, aliwaona kabla hajafika. Kiraka cha theluji kilikuwa kimebaki kidogo, kama uwanja wa mpira wa watoto, na juu yake wamesimama kulungu sitini na kitu wamebanana kama watu wanaosubiri duka lifunguliwe. Mawe bapa yamepinduliwa. Vikombe vimeng'olewa, vingine vimekanyagwa vikawa karatasi. Ndama mmoja alikuwa na kikombe puani, anatembea nacho, hana habari. Ravdna akawasogelea akaangalia masikio. Kila mfugaji ana alama yake ya kukata sikioni; za watu wengi hazijui, ila ile aliijua, alisoma darasa moja na mwenye nayo. Akatoa simu.

"Heaika. Njoo mlimani uchukue wanyama wako."

"Wamefanya nini?"

"Wamekunywa mitego yangu."

"Wamekunywa nini?"

"Njoo."

Heaika ni mzee wa karibu miaka sabini, mkewe alishafariki, mtu wa utani, pikipiki yake ya magurudumu manne inasikika kabla ya mbwa wake. Alifika baada ya saa moja. Akazunguka, akaokota kikombe kilichobaki na maji, akachovya kidole, akalamba.

"Umeweka chumvi."

"Niliweka chumvi."

"Pembeni ya theluji. Mwezi wa saba."

"Najua ni mwezi wa ngapi, Heaika."

"We ni mtu wa mtoni kweli kweli, dada. Mimi nikitaka hawa wasimame mahali pamoja nahangaika na mbwa wawili na wajomba watatu na bado nusu wananikimbia. We umewaita na kijiko cha supu."

Halafu akacheka. Heaika akicheka lazima akae. Akakaa kwenye jiwe, anajifuta macho na kofia. Ravdna hakucheka. Alikuwa ameshika vikombe tisa vilivyosalimika, amevipanga mbele yake, ameviangalia kimoja kimoja, na ndani kulikuwa na mbu tu.

"Cheka," akamwambia. "Mmenicheka miaka thelathini na tano, kicheko kimoja zaidi kina ubaya gani."

"Nani amekucheka?"

"Nyie. Kijiji. Hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniuliza napata wangapi. Hata siku moja. Goti mnauliza. Beri mnauliza. Mtu anazeeka na kazi yake mbele ya macho yenu, hamumuulizi."

Heaika akaacha kucheka.

"Ravdna. Mimi nina kulungu wangapi?"

"Mimi nitajuaje?"

"Hujawahi kuniuliza?"

"Nikuulize kitu kama hicho? Nimelelewa wapi?"

"Basi."

Akamwachia aelewe mwenyewe. Maana kwetu huku mtu haulizwi ana kulungu wangapi, kama vile usivyoweza kufungua simu ya mtu ukasoma salio la benki mbele ya wageni. Hata watoto wake hawamuulizi.

"Unataka kuniambia nini?" Ravdna akasema, polepole.

"Kile kiangazi cha kwanza ulipoanza, mama alituambia mezani: Ravdna naye sasa ana wanyama wake, asije mtu hapa akamuuliza idadi. Tukasikia. Mke wangu alipoingia nyumbani naye akaambiwa. Nikawaambia watoto. Nyumba zote zilisema hivyo hivyo, kwa ninavyojua. Ulidhani ni nini?"

"Nilidhani mnaniona kichaa."

"Kichaa tunakuona. Lakini hilo ni jingine."

Ravdna alikaa chini hapo hapo, kwenye matope ya theluji. Alichonisimulia yeye ni kwamba hakufurahi. Watu wakisikia hii habari wanadhani alifurahi. Anasema ilikuwa kama kupewa barua iliyokaa nyuma ya kabati miaka thelathini na tano, nzuri, ila ya kujibiwa na Ravdna wa wakati ule, wa miaka thelathini na mbili.

"Mngeuliza," akasema.

"Ungesema," Heaika akamwambia.

Kulungu wakawa wanawaangalia. Heaika akavaa kofia, akaivua tena, akageukia upande wa bonde kama mtu anayetaka kukojoa, maana uso kwa uso asingeweza.

"Haya. Una wangapi?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Mwaka huu hakuna mpaka leo. Mwaka jana hakuna. Mwaka juzi hakuna. Tisini na tatu walikuwa mia mbili na kumi na wawili. Elfu mbili na moja, mia na sita. Elfu mbili kumi na nne, kumi na tisa." Akaendelea, mwaka kwa mwaka, bila daftari, na Heaika akasimama kofia mkononi mpaka akamaliza. Halafu akaita mbwa, wakawaondoa kulungu.

Yule mzee hana siri lakini. Wiki ile ile kijiji kizima kikajua kwamba Ravdna anataka kuulizwa. Na ungedhani hilo ni jambo jema. Dukani, mama wa kaunta akamrudishia chenji, akawa mwekundu mpaka masikio, akanong'ona, "Wangapi, shangazi?" "Hakuna." Kanisani mchungaji, ambaye hata si wa huku, akamshika mkono: "Nasikia una, ee, wangapi?" "Hakuna." Baba yangu alifunga breki katikati ya barabara, akashusha kioo: "Wangapi?" Hakuna. Wote walikuwa wanajitutumua kuvunja adabu ya maisha yao yote kwa ajili yake, na yeye kila mara hana cha kuwapa. Mwishowe ikawa kama msibani, unapita mbele ya watu, kila mmoja na pole yake. Akaanza kwenda dukani asubuhi sana kabla ya watu.

Dawa mpya ilifika, akatega tena vikombe vipya. Akapanda si kila siku ya nane, kila siku ya tatu. Goti likavimba. Akawa anapindua mawe kwa mkono pembeni ya theluji, anapiga magoti kwenye maji baridi, na theluji yenyewe kila akirudi imepungua, leo uwanja, kesho sebule, keshokutwa shuka ya kitanda. Tarehe tisa ya mwezi wa nane alifika akakuta changarawe mbichi tu. Hakuna kilichobaki, hata cha kufinyanga tonge. Alikaa hapo akanywa kahawa yake yote, anasema, kwa sababu hakuona sababu ya kuirudisha.

Bado kulikuwa na njia, na hii sehemu aliniambia mwenyewe bila kumuuliza, kwa hiyo naiandika. Kwenye rafu ya ghalani ana kichupa cha mwaka wa elfu mbili kumi na sita, cha ziada, hakina karatasi ya jina. Ndani wapo mbawakawa watano wazima kama wamekufa jana. Siku ambayo Tuovi alikuwa apige simu alikileta jikoni. Akamtoa mmoja kwa kibanio, akamweka kwenye kisosi. Ukimtia kwenye kichupa cha mwaka huu ukaandika kwa penseli kikombe namba ishirini na mbili, nani duniani atajua? Makumbusho wangefurahi. Mitego ingeendelea. Gáren angeambiwa bado. Alikuwa ameshafuta meza.

Simu ikalia.

"Haya Ravdna," Tuovi akasema. "Wangapi?"

Anasema alimwangalia yule wa kwenye kisosi, na kitu alichokiona ni kwamba angekuwa anaongopa kwa mtu pekee ambaye siku zote alikuwa anamuuliza ili ajue.

"Sifuri."

Tuovi akasema, "Nimesoma barua yako ya kulungu. Sikiliza, tunaweza kuandika kwamba mitego iliharibiwa. Mwaka ulioharibika hauhesabiwi. Unapata kiangazi kimoja kingine."

Yaani mlango ulifunguliwa mpaka mwisho, hata kuusukuma hakuhitaji.

"Vikombe tisa vilisalimika," Ravdna akasema. "Na vipya arobaini, wiki tano. Na mawe nimepindua mwenyewe. Theluji yenyewe haipo, Tuovi. Andika sifuri."

"Nitaandika sifuri."

"Na utanipigia mwakani?"

Tuovi ni mtu mkweli naye, ndo shida yao wote wawili. Akasema anastaafu mwezi wa kumi na mbili, ila angejaribu. Waliongea dakika nne. Kawaida yao ilikuwa saa nzima.

Jumapili Gáren akapiga.

"Wameisha?"

"Wameisha."

"Pole," Gáren akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kweli, si ya ushindi. "Nitakuja na gari mwisho wa mwezi. Usibebe vyombo, vyombo ninavyo."

"Gáren, siji."

"Uliahidi."

"Niliahidi nikiwa na sababu ya kubaki. Nilikuwa nakuonyesha mdudu ili usiniulize mimi nataka nini. Sasa hayupo, nimeangalia kama nataka kuja. Sitaki. Sina sababu yoyote ya kukupa. Nataka tu kukaa hapa."

"Na nani?"

Ravdna alisikia lifti ya kule Oulu ikifunguka na kujifunga, nyuma ya dada yake.

"Miaka tisa nimekuwekea chumba," Gáren akasema. "Ungesema mwaka wa kwanza, Ravdna. Ningekodisha. Ningekuja hata kukutembelea badala ya kukusubiri." Akakata. Jumapili iliyofuata hakupiga, na iliyofuata hakupiga. Ravdna alipiga mara mbili, ikaita mpaka ikachoka.

Sasa yale mashimo. Huwezi kuacha mashimo arobaini mlimani, ndama atavunjika mguu. Mwezi wa tisa katikati, majani yakiwa mekundu kote na asubuhi maji yana ngozi ya barafu, akachukua koleo na begi. Heaika alimkuta njiani.

"Nipakie hiyo mizigo, nikupandishe. Na koleo ninalo la pili."

"Hapana."

"Mashimo arobaini, na goti hilo?"

"Nilichimba peke yangu, Heaika."

Heaika akazima pikipiki, akasubiri kama atabadili mawazo, hakubadili, akawasha akaenda zake. Hana tabia ya kulazimisha.

Ilimchukua siku mbili. Anang'oa kikombe, anakipangusa, anakiingiza ndani ya mwenzake, anajaza shimo changarawe, anakanyaga. Nilikuwa namwona toka dirishani kwetu nikikuza picha ya simu mpaka mwisho, kakitu kadogo ka bluu kanainama, kanainuka, kanasogea hatua tatu. Siku ya pili mchana theluji mpya ikaanza kudondoka, nyepesi, na nikampoteza. Alishuka jioni bado mwanga upo, vikombe vyote vimekaa kimoja ndani ya kingine, mnara mrefu kaubeba begani kama bomba. Hakutazama upande wetu, akaingia kwake, na baada ya muda moshi ukatoka.